Hakikisho Lisilohakikisha: Tahakiki ya Istilahi za Kukagulia Video ya HDR

Miongoni mwa kazi zinazotufikia sisi maafisa istilahi siku hizi, si haba zile zinazohusu vyombo ambavyo mfasiri mwenyewe hajapata kuvishika mkononi. Jambo hilo si la aibu, kwani mfasiri hawezi kuwa fundi wa kila fani. Lakini lina athari zake, na athari hizo hazionekani ofisini mwetu. Huonekana huko kazi inakofanyika. Makala haya yanakusudia kuitazama tafsiri moja ya aina hiyo, nayo ni mwongozo mfupi wa Kiswahili unaoeleza namna ya kuikagua video ya HDR kwenye skrini wakati wa kuihariri. Nakala niliyo nayo niliikuta Mwandoya, wilayani Meatu, katika mkoa wa Simiyu, nilipokwenda kukusanya maneno ya mafundi wa picha. Mfasiri na waliomwagiza kazi sitawataja, kwa sababu makosa yaliyomo si yake peke yake. Ni desturi ambayo imekwisha kuota mizizi katika tafsiri zetu.

Yafaa kwanza msomaji ajue kinachozungumzwa. Kila picha ina sehemu yenye giza kuliko zote na sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote, na baina ya hizo mbili pana umbali. Mtu aliyesimama mlangoni mwa nyumba ya Mwandoya saa saba mchana huweza kuuona uso wa bibi yake aliyeketi ndani kivulini, na papo hapo akaliona bati la nyumba ya jirani linavyowaka jua. Kamera na televisheni za mtindo wa zamani haziwezi kuyabeba yote mawili. Zilifuata utaratibu ambao ndani yake weupe kamili wa picha, katika skrini ya studio, ulihesabiwa kuwa niti 100 tu, yaani kandela 100 kwa kila mita ya mraba, na kila kilichozidi hapo kilibanwa au kikakatwa kikawa weupe mtupu. Video ya HDR huupanua umbali huo. Mwaka 2014 chama cha wahandisi wa sinema na televisheni cha Marekani, SMPTE, kilitoa kanuni iitwayo PQ, ambayo hesabu yake hufika niti 10,000. Baadaye shirika la BBC la Uingereza na lile la NHK la Japani yalitunga kanuni ya pili, HLG, na mwezi Julai 2016 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilizikubali zote mbili katika waraka wake wa BT.2100. Niti 10,000 ni za hesabu zaidi kuliko za kazi. Studio nyingi hukagua kwenye skrini inayofikia niti 1,000.

Mtu angeweza kudhani kwamba mambo haya ni ya Hollywood, na kwamba Meatu yanapita mbali. Sivyo. Mwaka 2020 simu ya iPhone 12 ilianza kurekodi video ya HDR bila mtumiaji kuombwa lolote, na simu nyingine zikafuata. Tangu hapo video ya namna hii huja Mwandoya ndani ya mfuko wa shati la mgeni wa harusi. Kijana anayehariri video hupewa mafaili kutoka simu tatu au nne, moja ya HDR na nyingine za kawaida, pamoja na yale ya kamera yake mwenyewe, naye hutakiwa ayaunganishe yawe harusi moja. Wengine huleta video za ngoma, za Wagika na Wagalu wakishindana katika jua kali la baada ya mavuno, ambamo vumbi, jasho na nguo nyeupe vimo katika fremu ile ile. Ni kazi ya watu wenye bidii, inafanyika kwenye kompyuta za kawaida, na inalipwa. Ndiyo maana mwongozo wa Kiswahili ulikuwa na haki ya kupokelewa kwa furaha.

Na ulipokelewa hivyo. Lakini tuusome. Sentensi ya kwanza ya sehemu ya kiufundi inasema: "Hakikisho la masafa ya juu yenye mabadiliko linahitaji kifuatiliaji chenye mwangaza wa juu." Sentensi hii haina kosa la sarufi hata moja. Ngeli zimepatana, viunganishi vimekaa mahali pake, na mwalimu angeweza kuipa alama zote. Tatizo ni kwamba kila nomino iliyomo ndani yake inamwelekeza msomaji mahali pasipo penyewe.

Nianze na "hakikisho", maana ndilo lenye hatari kubwa. Neno hili limekwisha kuzoeleka katika baadhi ya tafsiri za programu za kompyuta kwa maana ya kuitazama kazi kabla ya kuitoa. Pengine mwenye kulianzisha alikuwa na kitenzi "hakiki" akilini, na hapo hakukosea sana. Lakini Kiswahili kilikwisha kuwa na hakikisho lake. Serikali hutoa hakikisho kwamba pembejeo zitafika kwa wakati. Mdhamini hutoa hakikisho kwamba deni litalipwa. Hakikisho ni ahadi ambayo mtu anaweza kuegemea. Sasa katika ukaguzi wa video ya HDR, jambo la kwanza ambalo fundi hana budi kulijua ni kwamba anachokiona kwenye skrini ya kawaida si ahadi ya chochote.

Hebu tufanye hesabu kidogo, nayo si ngumu. Waraka wa ITU uitwao BT.2408 unapendekeza kwamba weupe wa kawaida katika video ya HDR, kama vile karatasi au gauni la bibi harusi, uwekwe kwenye niti 203. Katika kanuni ya PQ, niti 203 huandikwa kwa alama iliyo karibu na asilimia 58 ya kipimo chote. Skrini ya kawaida ambayo haikuarifiwa kwamba imeletewa PQ huisoma asilimia 58 hiyo kwa kanuni yake ya zamani, na ikiwa imepangwa kwa weupe wa niti 100 hutoa niti 27 hivi. Gauni jeupe linakuwa la kijivu. Mwanga wa niti 1,000, mathalani jua linalorudishwa na bati, huandikwa karibu na asilimia 75 nao hutoka kama niti 50. Lakini kivuli cha niti 1 hubaki karibu na pale pale kilipokuwa. Umbali uliokuwa wa mara 1,000 baina ya kivuli na bati umekunjwa ukawa wa mara 50 tu, na picha yote inaonekana imefunikwa na moshi.

Mafundi wa Mwandoya wana neno la hali hiyo. Husema picha "imepauka". Sijui neno lililo bora kuliko hilo. Kila aliyewahi kuona ngozi ya mtoto aliyeogeshwa asipakwe mafuta anajua kupauka ni nini: rangi ipo, lakini haijitokezi. Mwongozo haukulitumia. Umeandika "mwonekano wenye utofautishi wa chini", maneno matano yanayohitaji maelezo, badala ya neno moja lisilohitaji.

Na fundi anayeona picha imepauka afanye nini? Mwongozo unamjibu: "Katika hatua ya baada ya uzalishaji, ongeza mwangaza hadi hakikisho likubalike." Fundi akiitii sentensi hii kama ilivyo, ataupandisha mwanga wa video mpaka gauni liwe jeupe machoni pake. Kwa kufanya hivyo atakuwa ameutoa weupe kwenye niti 203 na kuusukuma kuelekea mwisho wa kipimo. Kwenye kompyuta yake harusi itapendeza. Ndugu wa bwana harusi walioko Mwanza au Dar es Salaam watakapoifungua katika simu inayoonyesha HDR kwa haki, gauni na mawingu na meno vitakuwa doa moja la mwanga, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilianzia kwenye neno. Hasara inakuwa ya kijana: picha inarudishwa, malipo yanazuiliwa, na mteja anayefuata anakwenda mjini.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Istilahi iliyokosewa katika kitabu cha fasihi humchelewesha msomaji; istilahi iliyokosewa katika mwongozo wa kazi huuendesha mkono wake. Neno "hakikisho" limemwambia fundi aamini kile ambacho mwandishi wa Kiingereza alikuwa akimwonya asikiamini.

Tupendekeze nini basi? Naona hatuna haja ya kwenda mbali. Kitenzi "kagua" kipo, na kinajulikana na kila mtu tangu mkaguzi wa shule mpaka mkaguzi wa mahesabu. Kukagua ni kutazama kwa nia ya kutafuta kasoro, bila kuahidi kwamba kasoro hazipo. Tendo hili basi liitwe "ukaguzi", na kile kinachoonekana kwenye skrini kiitwe "picha ya kukagulia". Nasisitiza kauli hiyo ya kutendea. Kiswahili hutumia kiambishi cha kutendea kuonyesha ala: jembe la kulimia, kisu cha kukatia, chumba cha kulalia. Mlango huo uko wazi, lakini wafasiri wengi hupita dirishani.

Mfano wa kupita dirishani ni "kifuatiliaji". Mfasiri ameona kwamba kitenzi cha Kiingereza kina maana ya kufuatilia, akaunda jina la ala kutokana nacho kwa uangalifu wote wa mofolojia. Lakini skrini haimfuatilii mtu yeyote. Nilipowauliza vijana watatu wa Mwandoya kifuatiliaji ni kitu gani, mmoja alisema ni kifaa cha kufungwa kwenye gari ili mwenye gari ajue liliko, na wenziwe wakamwunga mkono. Walikuwa na haki. Wao wenyewe husema "kioo", au "skrini", au "monita". Hili la mwisho linapendwa na waliosoma ufundi, ingawa wengi tunalikumbuka kwa yule mwenzetu wa darasani aliyeandika majina ya wapiga kelele. Katika maandishi ya kompyuta "kiwambo" nacho kimo, na asili yake ni nzuri, ile ngozi iliyowambwa. Lakini Mwandoya sikulisikia. Mimi ningesema "skrini ya kukagulia" kwa ile iliyopimwa na kuaminiwa, na "skrini ya kawaida" kwa nyingine zote. Tofauti baina ya hizo mbili ndiyo moyo wa mwongozo, na tafsiri imeipoteza kwa kuziita zote vifuatiliaji.

Sasa "masafa ya juu yenye mabadiliko". Hapa mfasiri ametendewa ukatili na Kiingereza chenyewe. Lile neno la pili katika jina la HDR, ambalo wanamuziki na wahandisi hulitamka "dainamiki", limetoka katika Kigiriki, ambako asili yake ni nguvu au uwezo. Katika elimu ya sauti lilikuja kumaanisha tofauti baina ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa ambazo chombo kinaweza kuzibeba, na kutoka huko likahamia kwenye picha. Hakuna mwendo wala mabadiliko ndani yake. Mfasiri alipoandika "yenye mabadiliko" alitafsiri sura ya neno, si kazi yake.

"Masafa" nayo yana mwenyewe tayari. Kwa vizazi viwili watu wa nchi hii wamesikiliza redio katika masafa ya kati na masafa mafupi. Mwalimu mstaafu wa Mwandoya niliyemwonyesha ukurasa huo aliniuliza kama video hizo zinahitaji antena. Sikucheka, maana yeye ndiye aliyekuwa anasoma Kiswahili kama kilivyo.

Kuna pia mkanganyiko mwingine ambao mwongozo ungaliweza kuuondoa kwa sentensi mbili. Vijana wengi huidhani HDR kuwa ni HD iliyoongezewa herufi, yaani "picha kali" zaidi ya ile kali ya mwanzo. HD ni habari ya wingi wa nukta, 1920 kwa 1080. HDR ni habari ya mwanga. Picha yenye nukta nyingi yaweza kuwa na mwanga finyu, na yenye nukta chache yaweza kuwa na mwanga mpana. Tena herufi hizo hizo, katika kamera ya simu upande wa picha za mnato, zimezoea kumaanisha jambo la tatu: kupiga picha kadhaa kwa vipimo mbalimbali vya mwanga na kuzichanganya ziwe moja inayotoshea skrini ya kawaida. Jina moja, mambo mawili. Katika hali kama hii herufi za kigeni hazimsaidii msomaji, na wale wanaosema "tuache HDR ibaki HDR, vijana wanaielewa" hawajakaa na vijana hao. Wanaitamka, hawaielewi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwa lugha wanayofikiria.

Kwa dhana hii napendekeza neno "wigo". Kamusi zetu zinalijua kwa maana ya ua au uzio, na watumishi wa serikali wamelizoea kwa maana ya eneo ambamo jambo linahusika: kupanua wigo wa kodi, wigo wa mradi. Maana hizo mbili zinakutana vizuri hapa. Mwanga ulio ndani ya wigo unaonekana. Ulioruka wigo umepotea. Basi HDR iwe "wigo mpana wa mwanga", na ile ya zamani iwe "wigo wa kawaida". Niliwajaribia mafundi, na mmoja, bila kufundishwa, aliniuliza kama simu fulani "inapiga wigo mpana". Neno linapopata kitenzi chake siku ile ile, mimi huridhika. Najua wako watakaopendelea "upana" au "upeo". Upeo nadhani haufai, kwa sababu ni mwisho wa jambo upande mmoja tu, hali wigo una mwisho pande zote mbili, wa giza na wa nuru.

Tumefika kwenye "mwangaza", neno ambalo mwongozo umelitwika mizigo mitatu. Mahali pamoja ni mwanga unaotoka kwenye skrini. Mahali pengine ni kiasi cha mwanga kilichoingia kwenye kamera wakati wa kupiga picha. Mahali pa tatu ni mwanga uliomo chumbani. Matokeo yake yanaonekana katika sentensi hii: "Upangaji wa madaraja ya rangi ufanyike katika mwangaza mdogo." Nilimsomea kijana mmoja mwenye studio karibu na soko, naye mara akashusha mng'ao wa skrini ya kompyuta yake. Mwandishi wa asili alikusudia kinyume cha hayo: chumba kiwe na giza kiasi na skrini ibaki kama ilivyopimwa. Waraka wa BT.2100 unaeleza kwamba mazingira yanayoizunguka skrini ya kukagulia yawe na niti 5 tu, kwa sababu jicho lililo katika chumba cheupe haliwezi kuziona tofauti ndogo za sehemu za giza.

Mzungumzaji wa kawaida hazichanganyi dhana hizi. Atasema chumba kina mwangaza, lakini kioo kinang'aa. Basi tumfuate. "Mwangaza" ubaki kuwa wa mahali. "Mng'ao" uwe wa skrini, nao ndio unaopimwa kwa niti. Na kile kinachoingia kwenye kamera kiitwe "kipimo cha mwanga", ambayo ndiyo lugha ya mafundi wa picha tangu enzi za filamu. "Mwanga" lenyewe tulitumie kwa ile asili inayoonekana, ingawa huko pwani wako watakaotukumbusha kwamba mwanga ni pia yule mtu azungukaye usiku kuwadhuru wenziwe. Muktadha utawatosha.

Nimekwisha kuitaja "hatua ya baada ya uzalishaji", na wasomaji wanaoijua Simiyu watakuwa wametabasamu. Huu ni mkoa wa pamba. Uzalishaji hapo ni wa pamba, na baada ya uzalishaji ni kupeleka mzigo kwenye chama cha msingi. Fundi wa video hana habari kwamba amezalisha kitu. Amepiga picha, na sasa anamalizia. Waashi wana "umaliziaji" wao, ndiyo kazi ya lipu, rangi na vioo baada ya kuta kusimama, na jengo bovu huweza kuokolewa au kuharibiwa hapo. Filamu vivyo hivyo. Tuseme "umaliziaji".

"Upangaji wa madaraja ya rangi" unaangukia katika shimo hilo hilo, tena kwa kina zaidi. Mkulima wa Mwandoya anaijua kazi ya kupanga madaraja kuliko mfasiri: kuna pamba safi na kuna pamba fifi, na bei zake ni mbili. Kupanga daraja ni kutenga kilicho bora na kilicho duni. Lakini fundi wa rangi hatengi chochote. Analinganisha sura ya kipande kimoja na kingine, anaongeza hapa na kupunguza pale, mpaka harusi iliyopigwa kwa simu nne ionekane imepigwa kwa jicho moja. Mafundi husema "kurekebisha rangi", na wakitaka kuizidisha husema "kukoleza". Maneno yote mawili ni yetu, yanaeleweka, na yanatofautiana kwa maana. Sioni sababu ya kuyakataa.

Haki inataka niseme pia yaliyo mema. Mfasiri ameitumia "niti" bila kuona haya, akaieleza mara moja kwa kandela na mita ya mraba, kisha akaendelea. Ndivyo kipimo cha kigeni kinavyopaswa kupokelewa. "Weupe wa marejeo", kwa ile niti 203, ni istilahi safi ambayo ningependa Baraza liipitishe kama ilivyo. Tena ameuweka wazi ubora wa HLG, kwamba picha yake huonekana kwa kiasi cha kuridhisha hata kwenye skrini ya wigo wa kawaida, ilhali PQ hutaja kiasi kamili cha niti na haina huruma kwa skrini isiyoijua. Kwa fundi asiye na skrini ya kukagulia, tofauti hiyo ni msaada mkubwa, na imeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka. Mfasiri huyu anaweza kazi. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza.

Pana jambo jingine linalofanya suala hili lisiwe dogo. Vipimo vya picha havikuanza vikitufikiria sisi. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha zililinganisha rangi zao kwa kadi za kampuni ya Kodak, zilizoitwa kadi za Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe. Kama ngozi yake imetoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi nyeusi ilipata kilichobaki. Bibi harusi wa Kisukuma katika gauni jeupe, mchana, ni mtihani mgumu kwa kamera ya wigo wa kawaida: ukiliokoa gauni uso unamezwa na giza, na ukiuokoa uso gauni linaungua. Hilo "kuungua", kwa mwanga uliovuka kipimo usirudi, ni neno lililoanza na filamu zilizofunuliwa juani, na mafundi wanalo mpaka leo. Wigo mpana ni teknolojia ambayo kwa mara ya kwanza inaweza kuvibeba vyote viwili katika fremu moja. Ingekuwa masikitiko iwapo faida hiyo ingepotea mikononi mwa watu wanaoihitaji zaidi, kwa kuwa tumewaandikia "ongeza mwangaza".

Mtu akinishtaki kwamba mkosoaji hana kazi ngumu, nitajibu kwa kuiandika upya aya hiyo ya mwongozo: "Ukiwa na skrini ya kawaida, usiamue mwanga wa video ya wigo mpana kwa macho. Kwanza ieleze programu kwamba video ni ya PQ au ya HLG, kisha iagize ishushe wigo kwa ajili ya picha ya kukagulia tu, bila kuigusa video yenyewe. Weupe wa marejeo uache kwenye niti 203, nao uutazame kwenye grafu ya mwanga, si kwenye kioo. Chumba kiwe na mwangaza hafifu. Mng'ao wa skrini usiguswe. Picha ikionekana imepauka, kagua mpango wa programu kabla ya kurekebisha rangi." Nilimwachia kijana yule wa karibu na soko nakala yake. Aliisoma mara moja, akaenda moja kwa moja kwenye mpango wa programu.

Wasomaji wataona kwamba maneno mengi ninayoyapendekeza si yangu. Yalikuwa yakisemwa. Tulipozima mitambo ya televisheni ya analojia Dar es Salaam, usiku wa kuamkia mwaka 2013, kila nyumba ilihitaji chombo kipya, na jina lake lilikuwa tayari: king'amuzi. Kitenzi "ng'amua" kilikuwapo, kikasimamishwa kufanya kazi, na leo hakuna anayeuliza maana yake dukani. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyoanza kutolewa na Baraza katika miaka ya 1970 vilitengenezwa kwa kukaa na wenye fani. Katika fani hii mpya wenye fani wengi hawana vyeti wala anwani za barua, na hawataitwa kwenye semina. Itabidi tuwaendee, daftari mkononi.

Limebaki neno moja ambalo sijaridhika nalo. Ni lile tendo la kuichukua video ya wigo mpana na kuifanya itoshee skrini ya kawaida bila kuunguza weupe wala kumeza vivuli. Mwongozo unasema "uchoraji ramani wa toni", ambao nauacha bila maelezo. Hapo juu nimeandika "kushusha wigo", na kinyume chake kingekuwa "kupandisha wigo". Yanaeleweka, lakini kushusha kunadokeza kwamba kila kitu kinashuka kwa kiasi kile kile, na haiko hivyo: uso wa mtu huachwa karibu na ulipokuwa, na mwanga mkali ndio unaobanwa. Mwandoya walinipa "kubana wigo", na wengine "kukunja". Kubana kunaeleza vizuri linalotokea upande wa juu, lakini katika kompyuta neno hilo linatumika pia kwa kupunguza ukubwa wa faili, na fundi huyafanya yote mawili katika saa moja. Kukunja hakuna mgongano huo, na nguo iliyokunjwa huweza kukunjuliwa, jambo ambalo katika video haliwezekani kikamilifu. Naomba walimu wa ufundi, hasa wale walio karibu na studio za namna hii, watuandikie wanachokisikia kabla Kamati ya Istilahi haijakutana.